Nilivyomwamini Mungu nikiwa sina cha kumpa

Mtu akisema anatoa ushuhuda watu wanakaa mkao wa kusubiri muujiza, uvimbe umeyeyuka, kiwete katembea, hela imeingia kwenye simu na haijulikani katuma nani. Wa kwangu hauna hiyo sehemu, nasema mapema kabisa ili anayetafuta hiyo asimalize bando lake bure. Mwanangu ana selimundu (sickle cell), ule ugonjwa wa damu wa kurithi, alikuwa nayo kabla sijaamini na anayo mpaka leo hii. Naandika kwa sababu kila nikienda kliniki nakuta mama mpya kwenye benchi ana ile sura niliyokuwa nayo mimi, na ukimchokonoa kidogo tu unakuta kashapita kote nilikopita, kwa mganga, kwa mtumishi, kwa jirani mwenye mizizi, hela imeisha na Mungu mwenyewe kamchoka.

Mi ni mtu wa Masasi, kijijini huko upande wa barabara ya kwenda Ndanda. Kwetu ni Wamakua na kama unavyojua huku Kusini familia moja ina Wakristo na Waislamu humo humo, bibi mzaa mama anaswali swala tano, mjomba wangu ni Muanglikana alikuwa anapiga kengele ya kanisa, na sikukuu zote tunakula pilau sinia moja hakuna anayeuliza. Mimi nilibatizwa mchanga, cheti ninacho, ila kanisani nilikuwa mtu wa Krismasi, Pasaka na harusi za watu. Mungu kwangu alikuwa kama mjumbe wa nyumba kumi, unajua yupo, unamtafuta ukiwa na shida ya barua.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpata 2017. Mwanzoni alikuwa mnene mzuri, watu wananisifia maziwa. Alipopita miezi sita hivi nikaamka asubuhi nikakuta viganja na nyayo vimevimba, vidole vinang'aa, ukimgusa tu analia mpaka sauti inakata. Zahanati tukapewa panado. Ikapoa, ikarudi, ikapoa, ikarudi, na macho yakaanza kuwa ya njano. Bibi akasema upepo mbaya, wifi yangu akasema karogwa, na mama mkwe akasema mwanamke aliyekuwa anamtaka baba mtoto zamani hajafurahi. Tukaenda kwa mganga, mtoto akachanjwa chale kwenye viungo na kufungwa hirizi kiunoni, kuku mweusi akaenda na elfu arobaini ikaenda.

Hapa nisimame kidogo maana hili ndilo ningependa kuambiwa mapema. Selimundu haionekani mtoto anapozaliwa kwa sababu bado ana ile aina ya damu aliyokuwa nayo akiwa tumboni kwa mama ambayo inamlinda, ikianza kuisha ndo mambo yanaanza, na dalili ya kwanza kwa watoto wengi ni hiyo hiyo ya mikono na miguu kuvimba. Kwa hiyo mtoto wa miezi sita, saba, minane akivimba viganja bila kuumia popote, usizunguke, nenda hospitali waambie naomba apimwe selimundu, taja jina kabisa. Na huo ugonjwa unatoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja ana kinasaba kimoja ambacho yeye mwenyewe hakimuumizi wala hajui kama anacho, mkikutana basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Nesi alituelezea vizuri tu, tena kwa upole. Ila baba mtoto alichosikia ni kwamba anaambiwa ana damu mbaya. Njia nzima hakuongea, tulivyofika nyumbani akasema neno moja, kwetu hakuna ugonjwa huo. Kuanzia siku hiyo nikajua nipo peke yangu kwenye hili.

Tukapewa foliki, vile vidonge vya kusaidia damu, kila siku, penisilini asubuhi na jioni, na maelekezo, maji mengi, asipigwe baridi, homa yoyote ni hospitali hapo hapo usisubiri kesho. Nesi akanifundisha na kupapasa bandama, unaweka vidole chini ya mbavu za kushoto taratibu, ukikuta kitu kigumu kimeongezeka na mtoto kapauka ujue damu inajikusanya humo, kimbia.

Sasa ikaja 2018, na aliyekuwa Kusini msimu ule hana haja ya kusimuliwa. Mwaka uliotangulia korosho zilifika mpaka elfu nne na zaidi kwa kilo kwenye baadhi ya minada, watu wakapandwa na hasira ya maendeleo, tukakopa salfa ya kupulizia mikorosho, tukakopa hela ya vibarua wa palizi, baba mtoto akakopa na hela ya pikipiki juu. Minada ikafunguliwa bei ikawa chini, wakulima wakagoma kuuza, mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yote kwa 3,300, magari ya jeshi yakaja kusomba. Tulishangilia aisee, niliruka ruka kama mtoto. Ila hela ikawa inakuja kwa uhakiki, wengine wakapata mapema, wengine tukakaa. Tulikuwa na gunia zetu ghalani, karatasi tunayo mkononi, ukipiga hesabu pale ni mamilioni, na ndani hakuna sukari. Wadai wao hawali karatasi. Januari baba mtoto akasema anaenda Tunduru kwenye machimbo ya vito kujaribu bahati, akaondoka na begi la mgongoni, na simu ikawa haipatikani.

Mimi nikabaki nabangua. Korosho za kubangua unazichoma, zile za ganda gumu, halafu unapasua moja moja, na yale mafuta ya ganda ukizembea yanababua ngozi, sisi tunajipaka majivu lakini majivu hayazuii kila kitu. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwenye ncha vinachunika ngozi nyepesi nyepesi. Nikishabangua nafunga kwenye vifuko naenda stendi Masasi mjini, basi likisimama tunakimbilia dirishani. Hela ya siku inatoka hapo.

Wifi yangu ndo alinipeleka kwa mtumishi. Wifi ni mlokole wa kweli, na niseme wazi alifanya kwa upendo, hakunipeleka kunimaliza. Ibada ilikuwa kwenye ukumbi wa kupanga, spika kubwa, watu wanaanguka, wanalia, na mimi nililia sana siku ya kwanza, nililia mpaka nikapata usingizi mzuri usiku. Sikatai kwamba nilipata kitu pale. Mtu aliyebeba mzigo muda mrefu akipewa sehemu ya kulia mbele za watu bila kuonekana kichaa hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Halafu ikaanza hela. Mafuta ya upako elfu kumi, maji, kitambaa, halafu ikaja sadaka ya kujimaliza, unatoa kile ambacho ukitoa kinakuuma, ndo Mungu anasogea. Mimi kilichokuwa kinaniuma ni bati. Nilikuwa na bati kumi na mbili nimenunua moja moja toka sijaolewa, zimehifadhiwa kwa mjomba nyuma ya ghala lake. Nikaziuza kwa bei ya kutupa laki na themanini, nikaweka kwenye bahasha nikaandika jina la mwanangu juu. Mjomba alinitazama wakati zinapakiwa kwenye guta hakusema kitu, akasema tu, "Mwanangu, mvua zimeanza." Nilikasirika nikamuona hana imani.

Mtumishi akaniambia sasa umeshatoa, onyesha imani, achana na zile dawa za hospitali, dawa ni kumwambia Mungu humuamini. Na mimi sikuweza. Yule nesi alikuwa amenitia hofu vizuri, Mungu ambariki kwa hiyo hofu. Nikawa nampa mtoto foliki kwa kificho, naisaga naweka kwenye kijiko cha uji wifi asione, mlango nimefunga, na wakati huo huo Jumapili nanyoosha mkono juu nakiri ameshapona. Hali hiyo ni mateso ambayo siwezi kuyaeleza. Nikimpa dawa najiona namkosea Mungu, nisipompa najiona namuua mtoto, na ukifika ukumbini mtumishi anasema kwenye maiki kuna mtu hapa kuna kitu amekificha ndo maana baraka zake zimezuiwa. Jasho linanitoka. Baadaye ndo nimekaa nikafikiri, kwenye ukumbi wa watu wote wale wenye shida, nani hana kitu alichokificha?

Kwa hiyo kama upo kwenye hali hiyo sasa hivi nakuambia kitu kimoja cha kushika. Yeyote atakayekuwekea Mungu upande huu na dawa upande huu akakwambia chagua, toka hapo, hata kama anaimba vizuri, hata kama ulilia ukapata usingizi. Ndanda pale wamisionari Wabenediktini wako tangu 1906, wamejenga kanisa na hospitali kiwanja kimoja na hakuna aliyewahi kuniambia dirisha la dawa linagombana na altare.

Februari 2019 mvua kubwa, mtoto akaanza homa jioni. Usiku nikamulika na tochi ya simu, viganja vyeupe kabisa, midomo imepauka, nikapapasa kushoto nikakuta ule ugumu umeshuka mpaka karibu na kitovu. Nilipiga kelele majirani wakatoka. Bodaboda mmoja ni binamu yangu upande wa bibi, alitubeba mimi na mtoto na turubai juu, barabarani mvua inapiga usoni huoni kitu, tukaingia Ndanda usiku sana. Wingi wa damu ukapimwa ikaonekana imeshuka mpaka tatu na kidogo, na malaria juu yake. Nesi akaniuliza dawa gani mtoto anatumia, nikasema hakuna. Akauliza tena, nikaanza kulia nikamwambia anatumia foliki na penisilini ila msimwambie mtu. Alishangaa yule dada. Akasema, "Mama, sasa nisimwambie nani?"

Wakamuwekea damu iliyokuwepo, tukaambiwa ndugu waje kuchangia kurudishia. Nikapiga simu nyumbani. Nikakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, dripu inadondoka, na nikaanza kufanya nilichokuwa nafanya siku zote, kuweka nadhiri. Nikasema Mungu ukimponya huyu nitakupa, halafu nikakwama. Nitakupa nini? Bati zimekwenda. Korosho ziko ghalani siyo zangu siyo za mtu. Mume yuko Tunduru kama yuko. Kufunga nimefunga mpaka maziwa yalikauka. Nilitafuta kichwani kitu chochote cha kumuahidi sikukiona, na ndo nikagundua miaka yote sijawahi kuongea naye bila kuwa na kitu cha kubadilishana, hata kwa mganga ilikuwa hivyo hivyo, kuku kwa uzima. Nikanyamaza. Sikuwa na hasira wala nini, nilikuwa nimeisha tu.

Kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja Mkatoliki anauguza mjukuu, rozari shingoni, macho yake yamefifia hasomi. Alikuwa na kile kitabu kidogo cha Agano Jipya na Zaburi, akanipa akasema, "Mama mtoto, nisomee Zaburi yoyote, usingizi haunijii." Nikafungua tu, ikaja Zaburi ya 88. Mi nilijua Zaburi ni Bwana ndiye mchungaji wangu basi. Hii ya 88 jamani mtu analia kwa Mungu usiku na mchana, anamuuliza mbona unanificha uso wako, anasema yeye anahesabiwa na wanaoshuka shimoni, nikawa nasoma nasubiri pale mwishoni ibadilike, wakati wote huwa inabadilika, lakini mimi nitakusifu. Haikubadilika. Inaishia gizani. Nikageuza ukurasa nikidhani kuna sehemu imebaki, nikakuta ni Zaburi nyingine. Nikamwambia bibi imeisha hivi hivi. Akasema, "Ndiyo. Huyo naye alikuwa wodini."

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea maana hakikuwa na kelele. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilichokipata ni kwamba kumbe hii lugha inaruhusiwa. Watu waliokipanga kitabu hicho walikuwa na nafasi ya kuiondoa hiyo Zaburi na hawakuiondoa. Nikainama nikasema kimoyomoyo, nimechoka na wewe, sijui hata kama upo, nimeambiwa nimekuficha dawa, ndiyo nimeficha na nitaendelea kumpa, mtoto ndo huyu, mimi sina kitu. Hiyo ndo sala yangu ya kwanza ya ukweli maishani na kama kuna siku nilimwamini Mungu basi ni hiyo, nikiwa namwambia simuamini. Kuna yule baba kwenye Injili ya Marko ambaye mtoto wake anaanguka anatoa povu, anamwambia Yesu naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na Yesu hakumwambia nenda kwanza ukatafute imani iliyokamilika. Hiyo nilikuja kuisoma baadaye nikacheka peke yangu.

Asubuhi mtoto alikuwa vile vile. Wakaja watu kuchangia damu. Akaja binamu wa bodaboda, akaja mjomba ambaye wakasema presha iko juu wakamkataa akanuna kweli kweli, na akaja wifi, yule yule wifi, kafunga siku hiyo ikabidi ale kwanza ndo atolewe, akakaa pale mkono umenyooshwa anaomba kwa sauti mpaka fundi wa maabara akamuomba apunguze. Bibi yangu akaleta uji kwenye chupa ya chai, akamsomea mtoto dua kichwani, na bibi wa rozari akasema amina. Mtoto akaongezewa damu nyingine, homa ikashuka, akaomba chapati.

Najua mtu atasema umeona, Mungu kamponya. Niseme taratibu hapa. Namshukuru Mungu kwa damu, kwa madaktari, kwa mvua kutotuangusha njiani. Lakini kitanda cha dirishani kulikuwa na mtoto mwingine, alifariki, na mama yake alikuwa anaomba kunizidi mimi mara nyingi. Sitatoa ushuhuda wowote utakaomfanya yule mama aonekane hakuomba vya kutosha. Nikisimama kanisani namkumbuka kabla sijafungua mdomo.

Sasa gharama, maana watu wanazipita haraka. Hatukuwa na bima. Ilikuwepo CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, wakati ule elfu thelathini kwa mwaka kaya ya watu sita, na sisi tulikuwa tumetoa laki na themanini sehemu nyingine. Tuliondoka hospitali na deni, tukaandikishana, nikalipa kidogo kidogo kwa korosho za stendi. Kwa hiyo ukipata hela ya msimu, kabla ya harusi ya mtu, kabla ya sare ya ngoma, kata bima. Ukishakata ndo uje tuongee mambo ya imani vizuri ukiwa na akili imetulia.

Kilichonirudisha kanisani ni sabuni. Akina mama wa kanisa la mjomba walikuja wodini na kipande cha sabuni, unga, na beseni, wakachukua nguo za mtoto zilizotapikiwa wakaenda kufua, wakaanika, wakarudi wakakaa. Hakuna aliyeniuliza kuna dhambi gani nyumbani kwenu. Mmoja alisinzia kabisa kwenye kiti. Mimi nikawa nasubiri waseme wanataka nini, maana nilishazoea kila anayekuja na Mungu anakuja na bahasha. Walikunywa chai wakaondoka. Ukienda kumuona mgonjwa fanya hivyo, peleka sabuni, peleka beseni, changia damu, na kama huna neno kaa kimya.

Usifikiri baada ya hapo mambo yakanyooka. Aprili ile ilikuwa mbaya kuliko Februari, mtoto yuko nyumbani, malipo bado, wadai wanakuja mpaka jikoni, na nikaanza kuwaza ningekufa tu wote wapumzike. Nilikuwa nawaza hivyo na huku nahudhuria kanisani, naimba kabisa. Nikamwambia mmoja wa wale akina mama wakati tunachambua mbaazi, nilimwambia kama utani. Hakunihubiria. Jioni alikuja na mkeka wake akalala kwangu, akawa analala mara kwa mara mpaka nikakaa sawa, na akanisindikiza hospitali nikaongea na daktari nikaambiwa hiyo ni sonona, inatibika. Hayo mawazo ukiyapata mwambie mtu hata kwa utani kama mimi, na asipokusikia mwambie mwingine. Kuwa na imani hakuyazuii kuja.

Padri nilimfuata nikamwambia yote, mganga, hirizi, mafuta, bati. Nilitegemea kukemewa. Akaniuliza hirizi iko wapi, nikasema niliitupa chooni, akacheka, akasema basi twende mbele. Kwa kuwa nilishabatizwa sikubatizwa tena, nikaingizwa mafundisho ya kipaimara na watoto wa darasa la sita, mimi na tumbo la chapati katikati ya vitoto vinajua katekisimu kuliko mimi. Waanglikana wa Masasi wana misa ya ubani na kengele, wifi alivyokuja mara moja akasema huku si ni kwa Wakatoliki, nikamwambia hapana ndo tulivyo. Siku moja padri akatusimulia ilivyoanza, mwaka 1876 Askofu Steere wa Kianglikana alikuja kutoka Unguja na watu waliokuwa watumwa wakaachiwa huru, wanatafuta kurudi kwao pande za Nyasa, wakafika Masasi wakachoka, wakasema tukae hapa. Na 1882 wakavamiwa na Magwangwara, yaani Wangoni, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu ambao walishatolewa utumwani mara moja. Nilikuwa nadhani ukiwa na Mungu unavuka mara moja basi. Hawa wazee wa kwanza kabisa wa imani hii kwetu hawakuvuka mara moja, na waliobaki waliendelea kuomba kwenye majivu hayo hayo. Ilinisaidia kuliko mahubiri yote ya mafanikio niliyosikia kwenye spika.

Malipo ya korosho yalikuja hatimaye, yakapita mikononi kwenda kwa wadai. Baba mtoto alirudi kutoka Tunduru kakonda, hana jiwe hana senti. Tuliongea vibaya, tukaongea vizuri. Kanisani haji, na sijamlazimisha, lakini siku ya kliniki anambeba mtoto begani yeye mwenyewe na kadi anashika yeye. Alikubali kupimwa mwaka niliobeba mimba ya pili. Ana kinasaba kama mimi, alikaa muda mrefu na ile karatasi, halafu akasema ningejua mapema nisingekusema vile. Wa pili kazaliwa tukampima mapema, ana kinasaba kimoja, haumwi. Mkubwa sasa yuko shule, tulianzishiwa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, maumivu yamepungua ingawa hayajaisha, na baridi ya Julai bado tunaiogopa. Mwalimu nimemwambia amruhusu kunywa maji na kwenda chooni muda wowote, wazazi wenye watoto kama hawa hilo msisahau, ni dogo ila linaokoa.

Kusali kwangu ni kwa shida, kuna wiki nasema Baba Yetu tu naishia hapo. Nadhiri sijaweka tena. Wifi bado anamwendea mtumishi mwingine, na juzi kanitumia voisi ndefu ya maombi ya kuvunja laana ya selimundu, mwishoni kuna namba ya kutuma sadaka. Nimemjibu nimepokea wifi, ubarikiwe, na Ijumaa tunaenda kuchangia damu Ndanda, unakuja? Kasema anakuja, ila nimkumbushe asifunge siku hiyo.